Pikapu Iliyolalia Kushoto Kutoka Bugomora

Tangu nirudi Bukoba, kila ninayekutana naye ananiuliza kwa nini madigadi ya kushoto ya pikapu yangu imechubuka hivi, na kwa nini baba mdogo wa mke wangu hakufika kwenye harusi aliyoisimamia mwenyewe. Nimechoka kueleza vipande vipande barazani, huku huyu akidakia na yule akicheka kabla sijafika mahali pa kuchekwa. Basi naandika safari yote, kituo kwa kituo. Habari za posa, mahari na vibali naziacha. Hizo zilikwenda vizuri, na jambo lililokwenda vizuri halina masimulizi.

Bukoba hadi Ndama

Mnanijua. Nilifika mji huu nikibeba magunia ya kahawa mgongoni, nikaondoka kwenda Kampala kwa nauli niliyoitafuta mwenyewe, nikarudi na diploma ya ufundi wa magari. Katika watu wa Ndama waliozaliwa nyumba ya nyasi, mimi ndiye wa kwanza kuendesha gari lililo mali yake. Nasema hivi si kwa majivuno, nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu habari hii haieleweki usipojua kwamba mwenye gari alikuwa fundi.

Niliondoka asubuhi peke yangu. Baada ya kupita Kyaka mvua ilinishika, nikakuta lori la kahawa limezama kwenye tope katikati ya barabara. Dereva wake alikuwa amekaa juu ya magunia akila senene, panzi wa kukaanga, kutoka kwenye jani la mgomba.

"Shikamoo yako iko wapi, kijana wa kagari?" akaniuliza.

Nikamwamkia. Akanisogezea senene, nikala, tukatazama tope pamoja. Kisha nikamwonyesha mahali pa kuweka mawe na jinsi ya kurudi nyuma kidogo kidogo bila kuzungusha tairi bure. Lori likatoka.

"Nani kakufundisha?"

"Diploma," nikasema.

"Mpe salamu huyo mzee," akajibu, akaondoka zake.

Nilifika Ndama jioni. Mama aliizunguka pikapu akiipapasa ubavuni kama anayekagua ng'ombe, majirani wakasimama mbali kidogo wakinisubiri nianze kueleza. Nilieleza. Kesho yake niliipeleka kwenye uwanja ulio tambarare nikaikagua yote: upepo wa tairi, springi, breki, kila nati. Ilisimama sawa kama meza. Hilo naliweka hapa mapema ili asije mtu akasema gari lilitoka kwangu bovu.

Ndama hadi Bweranyange

Mshenga wangu alikuwa Mzee Athumani, mwenye duka Bweranyange. Babu yake alitoka Pwani na misafara, na mpaka leo mzee huyu anazungumza Kiswahili ambacho sisi wa huku tukikisikia tunakaa wima.

Tulikuwa tumekubaliana kuondoka alfajiri. Nilimkuta anaoga. Alipomaliza kuoga akasali, alipomaliza kusali akaagiza chai, na chai ilipokuja akakumbuka kwamba kanzu ya harusi bado haijapigwa pasi.

"Mzee, jua linapanda."

"Liache lipande, mwanangu. Wewe unaoa au unakimbizwa?"

Nilishangaa. Mimi nimezoea kazi ya saa. Nikanywa chai yake ya tangawizi nikala maandazi, na nikiri kwamba maandazi yale yalinipunguzia hasira. Tulipoondoka hatimaye, alishikilia mlango wa gari kwa mikono miwili hadi tukamaliza mteremko wa kwanza, kisha akaanza kunipa masharti.

"Huko Bugomora utakaa kimya. Sifa zako nitazisema mimi. Ukizisema wewe, hazitaisha, na chakula kitapoa."

Bweranyange hadi Bugomora

Njia ni ndefu na vumbi lake jekundu linaingia hata ndani ya meno. Tulipita Nkwenda, tukapita kizuizi cha machimbo ya bati, ambapo askari walitazama ndani ya gari tupu wakatuachia. Wasiojua sehemu zile wajue hivi: katika vilima vya Kyerwa kuna mawe meusi ya bati. Konzi moja tu ya mchanga wake ukiishika, mkono unashuka. Ni mali ya wenye machimbo, na mtu akikutwa nayo njiani anafungwa, na gari lililoibeba halirudi.

Bugomora walitupokea vizuri mno. Tulitafuna kahawa ya mgeni, ambayo Mzee Athumani huipokea kwa heshima na kuificha shavuni. Tulikula ndizi na maharage, na nyama ya mbuzi. Rubisi, pombe ya ndizi, ilizunguka, mzee akaomba maji.

Baba yake Kemilembe, mchumba wangu, ameingiwa na giza machoni, hivyo shughuli yote iliendeshwa na mdogo wake, Bernado. Mtu mcheshi, mwenye mikono mikubwa, anayekushika bega anaposema. Aliisifu pikapu yangu kuliko mtu yeyote wa safari hii.

"Mkwe, chombo hiki kinabeba kiasi gani?"

"Kinabeba ng'ombe watatu na mchungaji wao," nikasema, ingawa mshenga alinikanyaga mguu.

"Na springi zake?"

"Za chuma cha Ulaya. Hazipindi."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimpenda kwa maswali yale. Si kila mkwe anauliza habari za springi.

Mama yake Kemilembe alifariki mwaka uliopita. Wanawake walinieleza kwamba katika ugonjwa wake wote, akiwa hawezi tena kulima, alikaa ukutani anasuka mikeka ya binti yake: ya kulalia, ya kukalia wageni, ya kuanikia nafaka. Alisuka mpaka vidole vilipokataa. Mikeka hiyo ndiyo ingejaza vikapu vya bibi harusi. Usiku ule mvua kubwa ilinyesha, nikalala nikifikiria barabara.

Bugomora hadi Nkwenda

Sasa sikilizeni desturi ya kule. Mizigo ya bibi harusi inapotolewa nyumbani kwao, bwana harusi hukaa ndani, uso ukitazama ukuta. Haruhusiwi kuona. Na mizigo ile haiguswi na mkono wa upande wa mume, wala haifunguliwi njiani. Itafunguliwa mlangoni kwa mume, na dada wa mume, mbele ya wanawake, akitaja kila kitu kwa sauti. Kuifungua kabla ya hapo ni kumwita bibi harusi mwizi, na msafara unarudi ulikotoka.

Basi nilitazama ukuta. Nje nilisikia vijana wakiguna na Bernado akisema, "Taratibu. Kushoto, kushoto. Mzigo wa bibi harusi haukai mbali na mwenyewe." Nilipotoka, Kemilembe ameshaketi mbele, upande wa kushoto, amefunikwa shuka kichwani, analia kama inavyopasa. Watu walikuwa wamelizunguka gari wanaimba. Sikuona kitu zaidi ya watu.

Nyuma walipanda Mzee Athumani, Bernado, na shangazi yake Kemilembe, mama mnene mwenye ulimi mwepesi. Tulikuwa tumebeba pia mikungu ya ndizi na mtungi wa rubisi.

Tulipofika barabarani tu nilihisi usukani unavutwa. Nikaunyoosha, ukavutwa tena. Nikasimama, nikashuka. Pikapu yangu, iliyosimama sawa kama meza, ilikuwa imelalia kushoto kama mtu mwenye jipu pajani.

Nilishtuka. Nilipima upepo wa tairi: sawa pande zote. Nikaingia chini ya gari na nguo za harusi nikahesabu vyuma vya springi: hakuna kilichokatika.

"Mkwe, usijisumbue," alisema Bernado kutoka juu. "Magari yote ya Karagwe yanalala upande. Ni barabara."

"Hapa barabara ni tambarare."

"Basi ni shangazi. Dada, hamia kulia."

"Mnene ni mimi peke yangu?" akauliza shangazi. "Na hilo tumbo lako umeazima?"

Wote watatu wakahamia kulia, na ndizi zikahamia kulia, na mtungi pia. Mzee Athumani alikaa juu ya ukingo kabisa, kanzu ikipepea nje. Gari lilibaki limelalia kushoto.

Tulienda hivyo, polepole, hadi kizuizi cha machimbo. Askari walimwona bibi harusi aliyefunikwa, wakasogea pembeni. Mmoja alipiga saluti. "Mpelekeni salama," akasema, akainua mti. Bernado aliwarushia ndizi, akacheka kwa sauti kubwa. Nami nilipunga mkono kwa fahari. Kila nikikumbuka mkono wangu ule, nasikia baridi.

Tulipoingia Nkwenda nilisikia harufu ya mpira unaoungua. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa linasaga madigadi. Mbele yetu kulikuwa na mteremko mrefu wenye kona, bonde likiwa upande wa kushoto. Ningeteremka vile, tairi lingepasuka katikati ya kona, na mtu aliyekaa upande wa bonde alikuwa Kemilembe.

Nikazima gari penye miti, mbele ya nyumba ya mkungu, mkuu wa kijiji. Watu wakaanza kukusanyika.

Hapa ndipo nawaomba wenzangu mafundi wasome kwa makini. Gari likilalia upande, kuna makosa matatu tu ya kutafuta baada ya tairi: ardhi, springi, au mzigo. Ardhi niliiondoa kwa kuligeuza gari pale pale lilipokuwa limesimama, likatazama nilikotoka. Bado kushoto, hata lilipogeuka. Kwa hiyo si ardhi. Nikawashusha wote wa nyuma, Kemilembe akabaki kwa desturi, nikashusha ndizi na mtungi. Bado kushoto. Nikapima kwa kijiti kutoka ardhini hadi kwenye bodi: kushoto palikuwa chini kwa urefu wa kiganja. Vikabaki viwili, springi na vikapu vya bibi harusi.

Vikapu siwezi kugusa. Nikaamua kuhoji springi.

Nilitia jeki, nikapanga magogo na mawe chini ya fremu, nikavua shati, nikafungua springi zote mbili za nyuma. Ya kushoto nikaifunga kulia, ya kulia nikaifunga kushoto. Watu wa Nkwenda walikuwa hawajaona kazi kama ile, na nilisikia wakisifu. Kama springi ya kushoto ndiyo iliyochoka, basi gari lazima sasa lilalie kulia. Hakuna njia ya kati. Jua lilikuwa limepita kichwani nilipokaza nati ya mwisho.

Nikashusha jeki. Gari likalalia kushoto, kiganja kile kile.

Nilisimama na spana mkononi. Jibu nilikuwa nalo, na jibu lilikuwa baya kuliko springi kukatika. Mikeka haiwezi kulaza pikapu. Hata ingekuwa mikeka ya wilaya nzima.

"Mzee Athumani," nikasema, "mzigo ndio wenye kosa."

"Sema polepole, mwanangu."

"Nimesema polepole."

Lakini shangazi alikuwa amesikia. "Umesema nini juu ya mzigo wa mtoto wetu?"

"Shangazi, nisamehe. Vikapu vile ni vizito kupita mikeka."

"Amesuka marehemu kwa mikono inayotetemeka, wewe unapima uzito? Unataka tumfungulie barabarani mbele ya watu hawa, waone kama ameiba kwao?" Akamgeukia Bernado. "Umesikia? Nasema turudi. Mtoto arudi nyumbani."

"Turudi," Bernado alikubali upesi mno. "Shusheni vikapu. Nitatafuta wapagazi hapa hapa. Huyu mbeba kahawa na diploma yake hajui heshima."

Watu waliguna. Mzee Athumani akaanza kutuliza, akitaja wazee, akitaja Mungu, lakini shangazi alikuwa ameshaanza kukusanya khanga zake. Niliona harusi yangu inashuka kwenye gari. Na nikiri, palikuwa na sauti moyoni iliyoniambia niwaache washushe hivyo vikapu, nioe mwaka mwingine, kwingine.

Mlango wa mbele ukafunguka. Kemilembe akashuka mwenyewe. Bibi harusi hakanyagi chini njiani, na hasemi neno mpaka aingie kwa mume. Alikanyaga, akatoa shuka kichwani akalikunja, akapanda nyuma ya gari mbele ya umati ule wote.

"Upande wa mume hauruhusiwi kugusa," alisema. "Mimi ni mwenye mali. Nagusa."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake. Nilikuwa nimemwona mara moja tu kanisani, kwa mbali.

Bernado alipanda gurudumu. "Mwanangu, acha. Mwanangu, nisikilize mimi baba yako."

Kemilembe akakata kamba ya kikapu cha kwanza kwa meno. Juu palikuwa na mkeka mmoja mzuri, wenye mistari myeusi na zambarau. Akauinua. Chini yake palikuwa na gunia. Akatia mkono ndani ya gunia, akatoa konzi ya mchanga mweusi, mkono wake ukashuka.

Mkungu alisogea akatazama, akarudi nyuma hatua moja, kama aliyeona nyoka. Nami nilikumbuka saluti ya yule askari.

Kemilembe alifungua cha pili, na cha tatu, na vyote. Magunia. Kwenye vile vingine hapakuwa na mkeka hata wa kufunikia, ni majani makavu tu.

"Baba mdogo, mikeka ya mama iko wapi?"

"Ipo. Ipo nyumbani."

"Wapi nyumbani?"

"Nyuma ya zizi. Niliiweka pale jana jioni, vijana walipokuwa wanajaza vikapu."

"Umeifunika?"

Bernado alitazama mikono yake mikubwa. Sote tulikuwa tumelala Bugomora, na sote tulikuwa tumeisikia ile mvua.

"Tungelala njiani kwa rafiki yangu kabla ya kuingia Ndama," alisema. "Angepokea yale, ningekujazia vikapu. Nitakununulia mingine sokoni, Kemilembe. Mizuri zaidi."

Shangazi, ambaye muda wote alikuwa na maneno, alikaa chini kwenye nyasi akajifunika uso kwa khanga.

Nkwenda hadi Ndama

Mkungu aliwaita watu wake wakashusha magunia. Ilibidi wanaume wawili kwa kila gunia. Bernado hakukimbia. Alikaa kando ya mali yake, akaniambia tu, "Mkwe, ungefunga macho mpaka jioni." Nikamjibu kwamba nimesomea kufungua. Tulimwacha pale mikononi mwa mkungu, na yaliyompata baadaye yako kwa wenye mamlaka, si kwangu.

Pikapu ilisimama sawa. Springi zimebadilishana pande lakini hazikupinda. Nililitazama gari langu bila furaha yoyote.

Tulipokaribia Ndama, shangazi aligonga bati la nyuma nisimame. Alishuka akaja dirishani upande wa Kemilembe. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mwanangu, huwezi kuingia na vikapu vitupu. Wataimba mpaka wajukuu zako wasikie. Tukate nyasi tujaze. Juu tuweke ule mkeka mmoja. Atakayefungua ni dada wa mumeo, mumeo aseme naye mapema, ataje majina ya mikeka hata kama haipo."

Nami niliona ni shauri zuri. Tayari nilikuwa nimeshika mlango, nishuke nikate nyasi. Mnanijua, sikupenda mke wangu achekwe mlangoni mwangu, mbele ya watu walionisubiri miaka yote nijikwae.

"Nimebeba uongo wa baba mdogo toka Bugomora bila kujua," alisema Kemilembe. "Wa kwangu sibebi. Washa gari."

Nikawasha.

Uwanja wetu ulikuwa umejaa. Wanawake walipokea vikapu kwa nyimbo, na niliona nyuso zao zikibadilika walipovinyanyua, kwa wepesi wake. Vikapangwa mlangoni. Dada yangu Anastazia akapiga magoti, akafungua cha kwanza kwa madaha, akatoa ule mkeka wa zambarau.

"Mkeka," akataja kwa sauti. Vigelegele.

Akafungua cha pili. Akatazama ndani. Akamtazama Mama. Cha tatu. Nyimbo zikapungua, kisha zikakatika kabisa, nikasikia mwanamke mmoja nyuma akimuuliza mwenziwe kama huyo ndiye bibi harusi aliyefuatwa kwa gari.

Nilitaka kusema. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, ya springi na ya ardhi na ya mzigo. Mzee Athumani akanishika mkono.

Kemilembe alisema mwenyewe, akiwa bado amesimama nje ya mlango. "Mama yangu alisuka mikeka ya kujaza vikapu hivi vyote. Iliibiwa nafasi yake, ikaachwa nje kwenye mvua. Nimebaki na huo."

Mama yangu aliuchukua mkeka kwa Anastazia. Aliugeuza upande wa nyuma, kama wafanyavyo wasukaji wanapotazama kazi ya mwenzao, akapitisha kidole kwenye ukingo, mahali ambapo mishono ilianza kulegea na kwenda upande.

"Hapa alikuwa ameshaumwa," akasema.

"Ndiyo, Mama. Ndio wa mwisho."

"Jina la mama yako?"

"Kokulengya."

Mama akalitamka jina lile kwa sauti, kwa wanawake wote, kama Anastazia alivyotaja mkeka. Kisha akautandika mkeka kizingitini, akaketi ukingoni, pale penye mishono iliyolegea, akapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki. Kemilembe akaingia, akakaa. Haukuwa mkeka mpana. Walibanana, na hakuna aliyetafuta mwingine.